Vipimo vya Wifi

Jina lake la ubatizo walilijua wachache, na hao wachache nao walikuwa wameshalisahau. Mtaani na kanisani aliitwa Mama Pindo, na jina hilo alilipata kwa kazi ya mikono yake. Ukivaa gauni aliloshona yeye, mtu akaliinua pindo na kulichunguza kwa ndani, haoni uzi uliochungulia wala mahali palipovutwa. Mafundi wengine hupinda harakaharaka, wakisema nani atainama kuangalia huko chini. Mama Pindo alikuwa akisema Mungu anaona hata chini ya pindo, kisha anacheka mwenyewe, kwa kuwa hakupenda mtu ajisikie amehubiriwa.

Kazi yake aliifanya katika chumba cha mbele ambacho mlango wake ulifungukia barabarani. Chumba hicho aligawana na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa msusi. Upande wa dirisha palikaa cherehani, meza ya kukatia na kamba yenye nguo za wateja. Upande wa pili palikaa kioo kirefu, viti na kapu la rasta za kila rangi. Katikati hapakuwa na ukuta wala pazia. Basi vipande vya vitambaa vilihamia kwenye nywele, nywele zikahamia kwenye vitambaa, na kila jioni ilikuwa ni mabishano nani ashike ufagio.

"Wifi, nywele zako zimekuja kunisalimia tena."

"Zimekuonea huruma, maana hujawahi kukaa kwenye kiti changu ukasukwa kama watu."

"Nikae siku nzima navutwa kichwa kama kamba ya kisima? Mimi kitambaa changu kinanitosha."

"Na mimi nguo zangu nitapeleka kwa fundi mwingine, anayejua kufagia."

Mteja mgeni angedhani wanachukiana. Waliowazoea walijua kwamba mmoja akipata mafua tu, mwingine chakula hakimpiti kooni.

Fundi hawezi kujipima mwenyewe. Akiinama kusoma futi kiunoni, kiuno nacho kinajikunja. Akiinua mkono kupima kifua, bega linapanda. Mama Pindo aliligundua hilo akiwa bado bibi harusi mgeni katika familia ile, na siku hiyohiyo akagundua kwamba yeye na wifi yake wana mwili mmoja. Mabega yaleyale, kiuno kilekile, urefu uleule, hata nyonga zilijaa mahali palepale. Kuanzia hapo hakuhangaika tena. Akitaka nguo yake mwenyewe humwita wifi asimame katikati ya chumba, anampima, anakata. Miaka ikaenda, watoto wakazaliwa, miili ikanenepa, na ikanenepa sawasawa. Ukimuuliza Mama Pindo anavaa saizi gani, atakwambia, "Muulize wifi, yeye ndiye anayenitunzia mwili."

Sasa, mambo yenyewe yalianza na uzi.

Mama Pindo alikuwa na namna yake ya kutunga sindano. Hukata ncha ya uzi kwa meno, huilowesha kwa mate, huisokota kwa vidole mpaka inasimama, kisha huipitisha tunduni huku akiendelea kuongea na mteja. Siku moja ncha ilikataa kusimama. Aliipeleka mdomoni ikatoka kavu kama ilivyoingia, maana mdomo wenyewe ulikuwa umekauka, ulimi umenata kwenye kaakaa. Akaichovya kwenye kikombe cha maji. Sasa uzi ulisimama, lakini tundu la sindano halikuonekana. Lilikuwa limejaa ukungu, mara linakuwa tundu moja, mara mawili.

Alichukua ule uzi akaenda nao dukani.

"Uzi gani huu umeniuzia? Unachambuka kama pamba."

Mwenye duka, mzee mpole sana, aliutazama, akavaa miwani, akautazama tena. "Mama Pindo, uzi ndio uleule wa siku zote. Boksi lilelile."

"Basi boksi limeoza."

"Boksi la uzi linaozaje, mama?"

Alipewa mwingine, na huo nao ukamfanyia vilevile. Hapo alijua kwamba kosa halikuwa la uzi.

Mama yake mzazi alikufa akiwa haoni. Alianza kwa kulalamika kwamba mwanga umepungua, akahamisha kiti karibu na mlango, kisha nje kabisa, mpaka ikafika siku akawa anapapasa sahani kwenye jua la mchana. Nyumbani walisema ni uzee. Mama Pindo ndiye aliyekuwa akimshika mkono mpaka mwisho, na hofu ile aliizika pamoja naye. Sasa akaona imefufuka. Zamu yangu hiyo, alijisemea. Fundi asiyeona atafanya nini? Cherehani itauzwa, wateja watahamia kwingine, naye atawekwa kitini asubiri mtu wa kumpeleka msalani.

Hakumwambia mtu. Alifyata ulimi akaendelea na kazi, akishona zaidi kwa kupapasa kuliko kwa kuona. Kwa muuza miwani wa barabarani alijinunulia miwani ya kusomea, akaificha chini ya kapu la vipande, akawa anaivaa wifi akitoka. Kuna siku ilionekana kusaidia, kesho yake ukungu ukawa palepale. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu jambo moja tu: aachiwe macho. Mengine yote alikuwa radhi yaende.

Na kweli mengine yalikuwa yanaenda, yeye hana habari.

Kiu ilimshika ya ajabu. Alianza kuweka jagi la maji mezani, na jagi halikufika mchana. Maji yakamchosha, akahamia kwenye juisi za pakiti za dukani, za embe, akifyonza moja baada ya nyingine huku mguu uko kwenye kanyagio la cherehani. Choo kilikuwa uani, na njia ya kwenda huko aliijua sasa hata kwa macho yake hayo ya ukungu.

"Wifi," msusi aliuliza mbele ya wateja, "hicho choo kimekuajiri?"

"Maji yakiingia lazima yatoke."

"Nauliza tu. Wakitafuta wafanyakazi wengine, usinisahau."

Chumba kizima kilicheka, naye alicheka pia. Usiku ndiko kulikuwa na safari nyingi zaidi, lakini mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, kazi yake usiku, hivyo hapakuwa na wa kusikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Alirudi asubuhi akamkuta mkewe anasinzia juu ya chai, akadhani ni kazi nyingi. Mama Pindo mwenyewe alidhani ni umri. Hata kidole cha shahada kilipochomwa na sindano hakikumtisha. Fundi kuchomwa sindano ni sehemu ya kazi, na kidonda hupona kabla hujakikumbuka. Hiki kilifunga, kikafunguka, kikafunga, kikafunguka tena, naye akakizungushia kitambaa na kuilaumu kutu.

Kila jambo alilitafutia sababu yake peke yake. Vipande vyote vilikuwa mezani, ila hapakuwa na aliyeviunganisha.

Ndipo kwaya ya akina mama ilipoamua kushona sare mpya, bluu iliyokolea yenye kola nyeupe. Kazi yote alipewa Mama Pindo, na akina mama wakaomba aanze na magauni mawili, lake na la wifi, wayaone kwanza. Alimsimamisha wifi katikati ya chumba kama kawaida, akampima kwa mikono zaidi kuliko kwa macho, akatandika kitambaa mara mbili, akapitisha mkasi. Alishona taratibu kuliko alivyowahi kushona katika maisha yake, uso umekaribia kugusa sindano. Alipomaliza aliyapiga pasi, akafunga mlango, wakayavaa.

La wifi lilimkaa kama limezaliwa naye.

"Haya geuka na wewe tukuone," alisema wifi.

Mama Pindo akageuka. Gauni likabaki limetazama mlangoni.

Wifi alicheka mpaka akashikilia kioo. "Yesu wangu! Wifi, umo humo na nani? Mwambie atoke atusalimie!"

Mama Pindo hakucheka. Alisimama ameshika kitambaa kilichozidi kiunoni, kiganja kizima, na uso wake ulikuwa umekwenda mbali. Alikuwa akiwaza kwamba macho yamemsaliti. Mstari wa chaki ulikwenda kombo naye hakuuona. Kwaya nzima itajua, mtaa mzima utajua.

"Nimekosea kukata," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe? Ukosee kukata?"

"Au wewe umenenepa ukanipa vipimo vya uongo."

"Ee, sasa tunatafutana ubaya. Lete hiyo futi nipimwe!"

Alipimwa kiuno, kifua na nyonga, na kila namba aliisoma mwenyewe kwa sauti, kama karani wa mahakama. Zilikuwa namba zilezile za siku zote. Kisha wakavua magauni, wakayalaza mezani, moja juu ya jingine. Bega likaangukia bega, mshono ukaangukia mshono. Hapakuwa na tofauti hata ya upana wa uzi.

Wifi aliyatazama magauni, akamtazama Mama Pindo aliyesimama na shumizi.

"Kama gauni halijakosea," alisema polepole, "na mimi sijakosea, amebaki nani?"

Alichukua futi akamzungushia kiunoni. Tangu aolewe, hakuna mtu aliyewahi kumpima Mama Pindo. Futi ikazunguka, ikapita ilipopaswa kukutana, ikaendelea. Wifi akaishusha nyongani, akaipandisha kifuani. Magauni mapana na vitenge vya kujifunga juu vilikuwa vimeficha mengi. Kila asubuhi Mama Pindo alikaza fundo la kitenge kidogo zaidi, mkono wake ukifanya hivyo bila kumwuliza.

Utani ulimtoka wifi usoni wote. "Kaa chini," alisema.

"Nina nguo za watu za kumaliza."

"Kaa chini, mama watoto." Alivuta kiti chake cha kusukia akaketi mbele yake, magoti yakagusana. "Ile Jumapili muuguzi alipokuja kanisani baada ya ibada kuzungumza na akina mama, ulisikia alichosema?"

"Nilisikia kidogo."

"Hukusikia kitu. Ulikuwa unatoka na kuingia, unatoka na kuingia, mpaka mama mchungaji akakufungulia mlango wa pembeni usitusumbue. Na ulikokuwa unakwenda ndiko muuguzi alikokuwa anakusema!"

"Ananisema mimi?"

"Alisema kuhusu ugonjwa wa sukari. Alisema mtu anakuwa na kiu isiyokatika. Anakojoa kila wakati, hasa usiku. Anachoka hata kama amelala. Anapungua mwili na chakula anakula. Akipata kidonda hakiponi." Aliutazama ule mkono wenye kitambaa, na Mama Pindo akauficha mapajani. "Mimi nimekaa pale nikawa nawaza jirani zangu wote, huyu anayo, yule hana. Wewe uko mita mbili kutoka kwangu kila siku, nakutania choo. Mungu anisamehe."

Mama Pindo akacheka, cheko la kujitia moyo. "Sukari? Wifi, unanijua. Chai yangu nakunywa chungu miaka yote. Watoto wenu wakija kwangu wanakimbia chai. Sukari iniingie kwa mlango gani?"

"Sijui. Muuguzi hakusema habari za chai." Kisha akakumbuka. "Alisema na macho. Macho yanaweka ukungu. Macho yako yakoje?"

Hapo cheko likakatika. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka mwisho wa barabara. Mama Pindo alifungua mdomo aseme ni mazima, lakini alikuwa mtu wa sala na uongo ulimshinda.

"Yanaondoka, wifi," alisema. "Yanaondoka kama ya mama."

Alilia kama mtoto, na yote yakatoka: uzi, duka, miwani chini ya kapu, mama yake na sahani. Wifi hakumwambia anyamaze. Alimpangusa kwa kipande cha kitambaa cha bluu kilichokuwa karibu, kisha akasimama.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwenye vipimo."

"Vipimo vyangu si unavyo wewe?"

"Nilikuwa navyo," alisema wifi. "Sasa sinavyo tena."

Zahanati haikuwa mbali. Walikwenda kabla hawajafungua kazi, na Mama Pindo alitembea ameushika mkono wa wifi kwenye kila mtaro. Aliogopa mawili, na hayo mawili yalikuwa yakipigana ndani yake. Akiambiwa hana sukari, basi macho yanakufa kwa urithi. Akiambiwa anayo, basi ni ugonjwa juu ya ugonjwa.

Muuguzi alikuwa yuleyule wa kanisani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Aliuliza maswali, akaandika, kisha akashika mkono wa Mama Pindo na kutoa kisindano kidogo. Mama Pindo akauvuta mkono.

"Mama, unaogopa?"

"Fundi cherehani huyo," wifi alidakia. "Amechomwa sindano tangu hujazaliwa. Mchome tu, anadeka."

Tone la damu likawekwa kwenye kijikaratasi, kijikaratasi kikaingizwa kwenye kipimo kidogo cha mkononi. Kabla hata wifi hajapata utani mwingine, namba ikatokea. Muuguzi aliitazama bila kushtuka. Akaomba na mkojo, akaupima pia, akatoka kwenda kuongea na daktari chumba cha pili. Aliporudi aliketi karibu, si ng'ambo ya meza.

"Mama, sukari yako iko juu. Una ugonjwa wa kisukari. Lakini umekuja ukiwa unatembea kwa miguu yako, unaongea vizuri, mkojo wako hauonyeshi hatari ya leo au kesho. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu."

"Lakini sitii sukari kwenye chai!" Mama Pindo alisema, kama mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la mwingine. "Waulize wote. Hata kijiko sina."

"Jina la ugonjwa ndilo linalowadanganya watu. Wanadhani ni wa walamba sukari. Mkate ukila unageuka sukari tumboni. Wali unageuka, viazi vinageuka. Kuna kitu mwilini kinaitwa insulini, kazi yake kuitoa hiyo sukari kwenye damu iende ikatumike. Kikizidiwa, sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Mwili unaitoa kwa mkojo, na maji yanafuatana nayo, ndiyo kiu hiyo. Unakula lakini chakula hakikufikii, ndiyo kukonda na kuchoka. Sasa niambie, kiu ikikushika unakunywa nini?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Na juisi kidogo."

"Ya kukamua nyumbani?"

"Ya pakiti. Ya embe." Akaongeza kwa haraka, "Lakini ile si sukari. Ile ni matunda."

Wifi alifunika uso kwa viganja. "Dada muuguzi, chini ya cherehani yake nafagia pakiti kila jioni kuliko nywele."

Muuguzi alijizuia asicheke, ikamshinda. "Mama yangu, ile imejaa sukari. Si kwamba ndiyo iliyokuletea ugonjwa. Lakini unakunywa kwa sababu ya kiu, sukari inapanda, kiu inazidi, unakunywa tena. Ulikuwa unajizungusha humohumo."

Mama Pindo aliinamisha kichwa. Wakaelezwa habari za vidonge, vya asubuhi na jioni baada ya chakula, za kupunguza wali sahanini na kuongeza mboga, za kutembea kila siku, za kuangalia miguu kama anavyoangalia mishono. Alijibu ndiyo, ndiyo, lakini hakuwa anasikia. Swali lake lilikuwa bado halijatoka. Wifi ndiye aliyelitoa.

"Na macho yake, dada? Mama yake alikufa haoni. Huyu anashona, kama haoni hana kazi. Tuambie ukweli."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Sukari ikipanda, hata jicho linavimba kwa ndani kidogo, kwa maji. Ndipo unaona ukungu, leo zaidi, kesho nafuu. Wengi sukari ikishuka, macho yanarudi yenyewe baada ya wiki kadhaa. Sitakuahidi kabla jicho halijaangaliwa na mwenye kazi yake. Miwani usinunue sasa, utapoteza. Nenda na karatasi hii kliniki ya macho."

Siku chache baadaye daktari wa macho alimtia matone yaliyomfanya aone dunia nzima inameremeta, akamkalisha gizani, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudi kwenye la kwanza. Mama Pindo alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Alisikia pumzi yake mwenyewe na pumzi ya daktari, na mahali fulani nyuma yake, pumzi ya wifi aliyekataa kubaki nje.

"Nyuma ya jicho ni pasafi," daktari alisema. "Hakuna mshipa ulioharibika. Huo ukungu ni wa sukari, utaondoka. Mama yako aliwahi kupimwa?"

"Enzi zile nani apime?"

"Basi hatuwezi kujua alikuwa na nini. Kama ni hii, alikaa nayo miaka mingi bila dawa. Wewe umekuja mapema. Kila mwaka uje nikuangalie."

Wifi alimwinua, na walipofika kwenye korido wakakumbatiana mbele ya watu, mnene wa watu wawili na mmoja aliyekonda, kama alivyosema wifi baadaye akisimulia. Mama Pindo alisema tu, "Asante, Bwana. Asante, Bwana," na machozi yaliyochanganyika na matone ya daktari yakamwagika bila aibu.

Hilo la mnene wa watu wawili ni neno la wifi mwenyewe, na wifi hutia chumvi.

Mumewe alipoambiwa, aliketi kitandani, viatu vya kazi bado miguuni. "Nalinda ghala la watu," alisema, "na wangu nimemwacha bila mlinzi." Kuanzia siku hiyo akirudi kazini halali kwanza. Wanatoka wawili, wanazunguka mitaa kabla jua halijawa kali, yeye na koti lake la ulinzi, mkewe na kitenge chake. Majirani walianza kwa kuwacheka, wakaishia kuwasalimia. Muuguzi alikuwa amesema familia nzima ipimwe, basi wakapimwa. Wifi alikuwa mzima. Alikwenda amejiandaa kwa lolote, akarudi ameinua kijikaratasi juu kama tiketi.

"Sisi ni pacha wa nguo tu," alisema. "Damu kila mtu na yake."

Kiu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kisha Mama Pindo alilala usiku mzima, akaamka ameshtuka, akidhani amechelewa kitu. Kidole kikafunga na hakikufunguka. Vidonge vilimsumbua tumbo mwanzoni, akavumilia, likazoea. Chai aliendelea kuinywa chungu, kwa fahari ileile, na juisi za pakiti alizisalimia kwa mbali.

Macho yalichukua muda wake. Hakuna siku moja aliyoweza kusema ndiyo hii. Kwaya walikubali kusubiri sare, mama mchungaji alisema wataimba na za zamani, Mungu hatazami kola. Naye akawa anakaa dirishani akifanya kazi nyepesi, kutia vifungo vikubwa, kupiga pasi, na kila asubuhi anajaribu kuona ni wapi dunia inaanzia kuwa ukungu. Ilianzia kwenye meza. Kisha ikaanzia kwenye kizingiti. Kisha ng'ambo ya barabara, ambapo aliweza kusema yule anayekuja ni nani kabla hajasalimiwa.

Asubuhi moja wifi alikuwa ameinama chini akitafuta kichana kilichoangukia chini ya kiti. Jua la dirishani lilimpiga kichwani. Mama Pindo aliacha kazi akamtazama sana.

"Wifi."

"Nini?"

"Una mvi."

Wifi akainuka ghafla, mkono kichwani. "Wapi?"

"Hapo juu ya sikio. Moja. Ee, mbili. Na kule nyuma zimejificha nyingine, zimekaa kikao." Alinyoosha kidole. "Naziona, wifi. Naziona moja moja."

Wifi alifungua mdomo amjibu jambo kali, maana msusi kuambiwa ana mvi si utani mdogo. Lakini aliona uso wa mwenzake, macho yamefunguka, yanamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni kama mtu aliyerudi safari. Akaja akaketi kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu, jambo ambalo siku zote lilikuwa marufuku.

"Haya, hesabu basi," alisema, akiinamisha kichwa. "Hesabu zote. Leo nimekuruhusu."

Mama Pindo akaweka vidole kwenye nywele zake, akaanza kuhesabu kwa sauti, akicheka na kulia, na mteja wa kwanza alipofika mlangoni akakuta hakuna anayeshona wala anayesuka.